Shamba la Mizabibu la Familia Lenye Vipande Tofauti: Mwongozo Kamili, Kutoka Udongoni Hadi Kwenye Chupa

Familia nyingi zinazotengeneza mvinyo hazina shamba moja lililonyooka. Zina kipande cha kilimani walichoachiwa na babu, kingine cha mteremkoni kilichonunuliwa baadaye, na cha tatu kiko bondeni karibu na maji, ambacho kila mtu alikisifia rutuba. Kisha vipande vyote vinaendeshwa kwa ratiba moja: leo tunapiga dawa kote, wiki ijayo tunamwagilia kote, na siku ya mavuno tunavuna kote. Hapo ndipo pesa inapovuja. Kipande kimoja kinamwagiwa dawa ambayo hakikuihitaji, cha pili kinanyweshwa maji kikiwa kimeshiba, na cha tatu kinavunwa siku kumi kabla ya wakati wake.

Kilimo endelevu cha mizabibu, nikiondoa maneno mazuri ya kwenye lebo, ni kuacha kufanya kazi ambayo kipande hakijaidai. Ili ujue kinadai nini, kila kipande kinahitaji daftari lake na mtu wake. Hapa nitatumia vipande vitatu vya mfano, nitaviita Kilimani, Mteremkoni na Bondeni.

Hatua ya 1: Gawa vipande kwa watu, kisha chimba mashimo

Kabla ya kununua chochote, amua nani anashika kipande gani. Mama anaweza kushika Kilimani, kijana mkubwa Bondeni. Kushika maana yake ni kupita pale kila wiki, kuandika alichokiona, na kuwa na neno la mwisho kuhusu siku ya kuvuna. Nimeona familia ambamo watu watano wana neno la mwisho juu ya kila kitu. Zabibu zao huiva zikisubiri kikao kiishe.

Kisha shika sururu. Katika kila kipande chimba mashimo mawili yenye kina cha mita moja, ikiwezekana moja na nusu: moja mahali mizabibu imestawi, jingine mahali imedumaa. Ingia ndani na uangalie ukuta wa shimo. Mizizi inaishia wapi? Ikikatika ghafla kwenye sentimita 40, kuna tabaka gumu, pengine lililobanwa na trekta. Ukiona udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, maji hutuama pale sehemu ya mwaka. Chukua siki ya jikoni, mwagia kidogo kwenye kila tabaka: ikitoa povu, kuna chokaa. Hilo povu la dakika moja litaamua mche utakaoupanda, kama utakavyoona hatua inayofuata. Baada ya hapo ndipo upeleke sampuli maabara, moja ya sentimita 0 hadi 30 na nyingine ya 30 hadi 60, kila kipande na mfuko wake.

Pita pia alfajiri ya siku ya baridi. Hewa baridi ni nzito, inateremka kama maji na kujaa Bondeni, kwa hiyo penye majira ya baridi kali barafu huunguza machipukizi ya pale kwanza. Kwa upande mwingine, kila unapopanda mita 100 joto hupungua kwa takriban nusu nyuzi au zaidi kidogo, hivyo Kilimani huenda kikachelewa kuiva ingawa kinapata jua zaidi. Tofauti hizi zimejulikana zamani. Huko Burgundy, Ufaransa, shamba la Clos de Vougeot lina hekta 50 hivi na wamiliki 80 hivi, na sehemu yake ya juu inathaminiwa kuliko ya chini, ingawa ukuta unaolizunguka ni mmoja.

Hatua ya 2: Chagua mche kwa ajili ya kipande, usichague kwa ajili ya jina

Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo aitwaye filoksera, aliyetoka Amerika ya Kaskazini, aliingia Ufaransa na kuanza kuua mizabibu kwa kushambulia mizizi. Dawa iliyofanya kazi haikuwa ya kunyunyizia. Ilikuwa kubebesha mzabibu wa Ulaya juu ya shina la mzabibu wa Kimarekani, ambao ulikwisha kuzoea kuishi na mdudu huyo. Mpaka leo sehemu kubwa ya mizabibu ya mvinyo duniani ina miili miwili: juu aina unayoijua kwa jina, chini shina usiloliona.

Watu hubishana miezi kuhusu aina ya juu, halafu shina la chini wanachukua lililopo kitaluni. Fanya kinyume. Kilimani, penye udongo mfupi na mkavu, mashina kama 110 Richter au 140 Ruggeri yanastahimili ukame. Kama siki ilitoa povu jingi, 41B inavumilia chokaa kuliko mengi. Penye maji au udongo wenye chumvi kiasi, 1103 Paulsen ni chaguo la kawaida. Bondeni, penye udongo mzito na unyevu, weka shina lisilo na nguvu nyingi kama Riparia Gloire, la sivyo utalima majani badala ya zabibu. Usiliweke hilo penye chokaa. Majani yatageuka manjano.

Wakati wa kupanda, kiungo cha kubebesha kibaki juu ya ardhi, sentimita kumi hivi. Kikifukiwa, sehemu ya juu itaota mizizi yake na kinga yote ya filoksera itakuwa imepotea. Miche iwe imethibitishwa haina virusi. Virusi vya mzabibu havina tiba shambani.

Hatua ya 3: Funika udongo, lakini si kwa nguo moja

Mteremkoni adui ni maji yanayokimbia. Panga mistari ikate mteremko, na nafasi kati ya mistari iwe na nyasi za kudumu, angalau mstari mmoja ndiyo na mmoja hapana. Kilimani adui ni kiu: otesha mikunde na nafaka msimu wa mvua, kisha zilaze chini kabla ya kiangazi ili zigeuke matandazo. Nyasi hai Kilimani wakati wa kiangazi zitakunywa maji ya mzabibu. Bondeni unataka hasa hilo! Acha nyasi kila mstari, zinywe maji ya ziada na kupunguza nguvu ya mizabibu.

Kondoo ni wafanyakazi wazuri baada ya mavuno, wanakata nyasi na kuacha samadi. Kuna jambo moja ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: kondoo ni dhaifu sana mbele ya shaba, kuliko mifugo mingi. Kipande kilichopigwa dawa ya shaba kisipelekewe kondoo mpaka mvua iwe imeosha nyasi na nyasi mpya zimeota, na hata hapo muulize daktari wa mifugo.

Maganda na mbegu zinazobaki baada ya kukamua hufikia karibu moja ya tano ya uzito wa zabibu. Hiyo ni mali. Usiyamwage mabichi shinani, yana asidi. Changanya na samadi na majani makavu, geuza, ngoja yaive. Lakini mboji hii ina potasiamu nyingi, na potasiamu ikizidi huinua pH ya mvinyo, yaani huupunguzia uchachu. Kwa hiyo soma majibu ya maabara kwanza. Mara nyingi Kilimani ndicho kinachostahili mboji yote, na Bondeni hakipati hata ndoo.

Hatua ya 4: Pogoa ukiwa na mizani

Kazi hii ina siri moja ambayo haina gharama. Siku ya mavuno, chagua mizabibu kumi iliyotiwa alama katika kila kipande na upime uzito wa zabibu zake. Wakati wa kupogoa, pima matawi yaliyokatwa kwenye mizabibu hiyohiyo kumi kwa mizani ya kuning'iniza. Gawanya uzito wa zabibu kwa uzito wa matawi.

Jibu likiwa kati ya 5 na 10, mzabibu uko sawa. Tuseme Bondeni kilitoa kilo 24 za zabibu na kilo 8 za matawi: jibu ni 3. Mzabibu una nguvu isiyo na kazi. Acha macho mengi zaidi (vifundo vya tawi vinavyochipua) unapopogoa mwaka huu, simamisha mboji, ongeza nyasi. Kilimani kilitoa kilo 18 na matawi kilo 1.5: jibu ni 12. Mzabibu umebebeshwa kupita uwezo. Punguza macho na lisha udongo. Mtu anayepogoa vipande vyote kwa idadi moja ya macho anaongeza makosa yote mawili kwa mkupuo mmoja.

Pogoa siku kavu, kwa sababu magonjwa ya shina huingia kupitia vidonda vilivyolowa. Epuka vidonda vikubwa kwenye mti wa zamani, na mizabibu inayoonekana kuugua ikatwe mwisho, kwa mkasi uliosafishwa.

Hatua ya 5: Magonjwa: piga dawa kwa sababu, si kwa kalenda

Wawili ndio wanaokula pesa ya familia: ubwiri vinyoya na ubwiri unga. Hawafanani kabisa.

Ubwiri vinyoya unahitaji maji. Kanuni ya zamani inaitwa kumi tatu: machipukizi yamefika sentimita 10, joto ni nyuzi 10 au zaidi, na mvua imenyesha milimita 10 ndani ya siku moja au mbili. Vikikutana vyote, maambukizi ya kwanza yanawezekana. Kipima mvua cha plastiki kwenye kila kipande kitakulipa haraka, kwa sababu mvua ya Bondeni si lazima iwe mvua ya Kilimani.

Kinga yake ya kale ni mrututu, yaani chumvi ya buluu yenye shaba, ukichanganywa na chokaa. Ilipatikana kwa njia ya kuchekesha. Huko Médoc, Ufaransa, wakulima walikuwa wakipaka mizabibu ya kando ya njia mchanganyiko wa mrututu na chokaa ili wapita njia waone rangi ya buluu, waogope sumu na waache kuiba zabibu. Mwaka 1882 mtaalamu wa mimea Pierre Millardet aliona kwamba mizabibu hiyo imebaki na majani wakati mingine imepukutika. Alichapisha matokeo yake 1885. Mchanganyiko huo bado unaruhusiwa katika kilimo hai, lakini shaba haiozi. Inabaki udongoni na kuwaumiza minyoo. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7, yaani wastani wa kilo 4 kwa mwaka. Hata kama sheria ya kwako iko kimya, jiwekee kikomo hicho na uandike kila gramu katika daftari la kipande. Shaba hukinga, haiponyi: ikipigwa baada ya mvua umechelewa.

Ubwiri unga hauhitaji mvua. Unapenda kivuli, joto la wastani na vichala vilivyobanana. Salfa inasaidia kuuzuia, lakini joto likipita nyuzi 30 hivi inaweza kuunguza majani, na ikipigwa karibu na mavuno mvinyo utanuka mayai viza. Acha zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kuvuna. Dawa bora kuliko zote ni hewa: ondoa majani yanayozunguka vichala upande wa jua la asubuhi, acha upande wa jua la alasiri ili zabibu zisiungue. Na yale mawaridi yanayopandwa mwanzo wa mistari yakisemwa ni walinzi? Ni mazuri kwa macho, lakini ubwiri wa waridi ni kuvu mwingine kabisa. Waridi lako linaweza kuwa zima na mzabibu unaugua.

Kwa nondo wa zabibu, vibebeo vya feromoni (harufu ya majike) huwachanganya madume wasiwapate majike. Vinafanya kazi vizuri kwenye eneo kubwa lililoungana. Kwenye kipande kidogo, majike waliokwisha kupandwa wataruka kutoka kwa jirani. Hapa ni lazima uzungumze na majirani mtundike kwa pamoja, au usinunue kabisa.

Hatua ya 6: Maji: uliza ncha ya chipukizi

Vipimo vya udongo vinasaidia, lakini kuna kipimo ambacho unacho mkononi. Shika ncha ya chipukizi. Chukua majani mawili machanga yaliyokwisha kufunguka karibu na ncha, yakunje juu yakiambatana na shina. Ncha ikiyapita majani, mzabibu unakua kwa kasi, hauna kiu. Majani yakiifunika ncha, ukuaji umepungua. Ncha ikiwa imekauka au imedondoka, ukuaji umesimama. Angalia ncha 50 katika kila kipande, saa ileile, kila wiki, na uandike hesabu tatu.

Kuanzia zabibu zinapofunga hadi zinapobadili rangi, unataka ncha zipungue kukua taratibu. Kiu kidogo wakati huo hufanya zabibu ziwe ndogo, zenye ganda jingi kwa maji machache, na mvinyo mwekundu hupata nguvu yake humo. Kama ncha nyingi zimedondoka na majani ya chini yanageuka manjano mapema, kiu imepita kipimo, na hapo mwagilia kwa matone usiku. Bondeni huenda kisihitaji tone msimu mzima. Mwenye kushika Bondeni asione aibu kuandika "sikufanya kitu" wiki nane mfululizo.

Hatua ya 7: Kadiria, onja, vuna

Wiki chache kabla ya kuvuna, hesabu. Mizabibu 1,200, vichala 18 kila mmoja, wastani wa gramu 110 kwa kichala: hiyo ni kilo 2,376. Ukipata lita 0.65 kwa kilo, una lita 1,540 hivi, chupa 2,050 na ushei. Sasa unajua tangi gani liwe tupu. Kwa mvinyo mwekundu acha robo ya tangi wazi, maana maganda hupanda juu wakati wa kuchacha.

Kupima sukari, chuma punje 200 kutoka kipande chote: pande zote mbili za mstari, juu ya kichala, chini yake, na ya ndani iliyojificha. Mkono wa binadamu huchagua punje nzuri bila kujua, kwa hiyo sampuli karibu kila mara hudanganya kuelekea utamu. Ponda, chuja, weka tone kwenye kipima sukari. Brix, kipimo cha sukari, ikiwa 23 itakupa kilevi cha asilimia 13 hivi. Lakini usivune kwa namba peke yake. Tafuna mbegu. Ikiwa bado ya kijani na inakausha ulimi, ngoja. Ikiwa ya kahawia na inavunjika kama njugu iliyokaangwa, siku imekaribia. Mwenye kipande aseme, wengine wabebe masanduku.

Hatua ya 8: Kiwandani, kila kipande tangi lake

Chachusha kila kipande peke yake, hata kama ni pipa moja. Ukivichanganya kwenye tangi siku ya kwanza, kazi yote ya madaftari imekufa, na hutajua Kilimani kilikuwa na ladha gani.

Jambo la hatari kuliko yote nalieleza kwa urefu wake. Lita moja ya maji ya zabibu hutoa takriban lita 50 za gesi ya kaboni dioksaidi ikichacha. Tangi la lita 1,000 hutoa lita elfu 50. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, haina rangi, inatuama chini: kwenye chumba cha mapipa na ndani ya tangi lililomwagwa mvinyo. Watu hufa humo, na mara nyingi hufa wawili, kwa sababu wa pili aliingia kumwokoa wa kwanza. Mshumaa si kipimo cha kuaminika. Unaweza kuendelea kuwaka katika hewa ambayo tayari inamdhuru mtu. Nunua kengele ya gesi, weka feni inayovuta hewa kutoka chini, na pawe na kanuni isiyo na ubaguzi: hakuna anayeingia kwenye tangi peke yake, awe baba au kibarua.

Kuhusu salfa dioksaidi, dawa ya kuhifadhi mvinyo, nguvu yake inategemea pH. Kinga inayopatikana kwa miligramu 20 hivi kwa lita pH ikiwa 3.2 inahitaji karibu miligramu 80 pH ikiwa 3.8. Ndiyo maana ile potasiamu ya hatua ya 3 ni muhimu: udongo uliolishwa ovyo unakulazimisha kutia dawa zaidi kwenye chupa.

Maji ya kuoshea ndiyo yanayopotea zaidi kiwandani. Fagia maganda kwa ufagio na koleo kabla ya kugusa mpira wa maji, na mpira uwe na bastola ya kufunga mwishoni. Maji machafu yasiende mtoni, yana sukari na asidi inayonyonya oksijeni ya samaki. Yapitishe kwenye chujio na bwawa la mimea kwanza.

Hatua ya 9: Meza ya kuchanganya, chupa, na hesabu

Miezi kadhaa baadaye, kaeni mezani na glasi zenye namba tu, zisizo na majina ya vipande. Kila mtu aandike peke yake kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo, hasa mzee wa nyumba. Jaribuni uwiano kwa silinda ya kupimia ya mililita 100: labda Kilimani 60, Mteremkoni 30, Bondeni 10. Mara nyingi kipande kilichodharauliwa kinaleta ule uchachu mdogo unaoamsha mvinyo mzima.

Chagua chupa nyepesi. Kutengeneza na kusafirisha kioo mara nyingi ndiyo sehemu kubwa ya hewa ukaa ya mvinyo. Chupa inaweza kuwa chini ya gramu 400 au kupita gramu 900, na mvinyo wa ndani ni uleule. Chupa nzito ni majivuno unayolipia mara mbili.

Fedha nazo ziandikwe kwa kipande: saa za kazi, dawa, maji, kilo zilizotoka. Wanafamilia walipwe mshahara kwenye vitabu, hata ukiwa mdogo, la sivyo hutajua kipande kipi kinakula wengine. Mzabibu mpya hutoa mavuno madogo mwaka wa tatu na haukomai kabla ya wa tano hivi, kisha mvinyo mwekundu unalala pipani. Kwa hiyo Bondeni kinaweza kuuza zabibu mbichi kwa wengine ili Kilimani kiwe na subira. Kama mtagawana urithi, gawaneni hisa za kampuni, msigawane mistari. Na kila mavuno yakiisha, madaftari yote matatu yapigwe picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya kurudishwa kwenye rafu kavu ya kiwandani, kwa sababu panya hupenda karatasi yenye alama za vidole vya zabibu.